Chokaa Kiasi Gani kwa Asidi Kiasi Gani

Hotuba kwa wanafunzi wa humanite (sekondari), walimu na wazazi, Lubumbashi

Bwana Prefe, mkuu wa shule hii, walimu wenzangu, mama na baba mliokuja, na ninyi wadogo zangu ambao Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza humanite, inawasubiri, jambo kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuandika na kusawazisha milinganyo ya asidi na besi zinapozimana. Baadhi yenu mlitegemea nizungumzie kobalti, bei yake na magari ya umeme. Kobalti itapita njiani, tutaisalimia, lakini haitakaa.

Nianze barabarani. Anayesafiri kutoka Kasumbalesa kuja hapa Lubumbashi, kisha Likasi, kisha Kolwezi, hupishana na malori ya kila aina, na kati yake matatu yanatuhusu leo. Kuna matangi yenye kibao cha tone linalodondokea mkono na kuula: hayo yamebeba asidi ya sulfuriki, na nyingine hutoka kwenye viwanda vya kuyeyushia shaba vya Zambia. Kuna malori ya salfa ya njano, ambayo viwanda vya huku huichoma ili vijitengenezee asidi vyenyewe. Na kuna malori ya mifuko ya unga mweupe, chokaa na magnesia (oksidi ya magnesiamu, MgO). Hayo ya kwanza huleta asidi, haya ya mwisho huleta cha kuizima. Kiwanda cha shaba cha Katanga kinaishi katikati ya pande hizo mbili, na mtu wa maabara analipwa ili kila siku ajibu swali moja: chokaa kiasi gani kwa asidi kiasi gani? Anaanzia kwenye mlinganyo, uleule mnaoandikiwa ubaoni mkaunakili huku mkitazama saa.

Asidi inaingia kazini hivi. Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wetu wa mjini huchonga ndovu na vibweta vya kuuza kwa wageni, ni shaba iliyofungwa pamoja na kaboneti na hidroksidi. Ukilisaga na kulimwagia asidi ya sulfuriki, shaba inayeyuka na kuwa maji ya buluu:

Cu₂CO₃(OH)₂ + 2H₂SO₄ → 2CuSO₄ + CO₂ + 3H₂O

Msiogope urefu wake. Huu nao ni asidi ikikutana na besi, ila besi yenyewe imejificha ndani ya jiwe. Mwisho wa hotuba mtaweza kuusawazisha wenyewe. Kwa sasa shikeni jambo moja tu: asidi hutiwa kwa wingi, haiishi yote kwenye jiwe, na ile inayobaki pamoja na tope la mwisho haiwezi kuachwa iende zake mtoni. Lazima izimwe kwanza.

Sasa tuulize: asidi na besi zikikutana, ni nini hasa kinachozimwa?

Kijana mmoja wa Uswidi, Svante Arrhenius, alitoa tasnifu yake ya udaktari mwaka 1884. Wazo lake ni kwamba chumvi, asidi na besi zinapoyeyuka majini huvunjika vipande vyenye chaji, yaani ioni. Wakubwa wake chuoni hawakupendezwa, wakampa alama ya chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa wazo hilohilo. Kwa Arrhenius, asidi ni kitu kinachotoa H⁺ majini, na besi ni kitu kinachotoa OH⁻. Zikikutana, H⁺ inaikamata OH⁻, na wanachozaa ni maji:

H⁺ + OH⁻ → H₂O

Basi. Hakuna kingine. Klorini aliyekuja na asidi ya hidrokloriki (HCl) na sodiamu aliyekuja na soda kostiki (NaOH) wanabaki wanaogelea kama walivyokuja, na maji yakikauka tunawakuta pamoja wakiwa chumvi.

Utajuaje kwamba hii si hadithi ya mwalimu? Pima joto. Chukua asidi ya hidrokloriki na soda kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, zote zikiwa zimezimuliwa na maji. Zichanganye. Kwa kila moli moja (kipimo cha wakemia cha kuhesabia chembe) ya maji yanayozaliwa utapata joto la kilojuli 57 hivi. Sasa badilisha wahusika wote: weka asidi ya nitriki na potasi kostiki (KOH). Utapata kilojuli 57 tena. Chumvi ni tofauti kabisa, lakini joto ni lilelile, kwa sababu kilichotokea ndani ya chupa ni kilekile: H⁺ imekutana na OH⁻. Mimi jambo hili bado linanifurahisha kuliko mengi ya kemia, na ningependa liwekwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari.

Kwa sababu kama kilichotokea ni hicho tu, basi kusawazisha nako ni hicho tu. Mnafundishwa kuhesabu atomu moja moja, upande huu na upande ule, sodiamu, salfa, hidrojeni, oksijeni, mkifuta na kuandika upya mpaka karatasi inatoboka. Njia hiyo si mbaya, inafika. Lakini kwa asidi na besi kuna njia fupi: hesabu H ambazo asidi iko tayari kutoa, hesabu OH ambazo besi iko tayari kutoa, kisha fanya idadi hizo mbili zilingane. Atomu nyingine zitajipanga zenyewe.

Kuna sharti moja, nalo ndilo linalowaangusha wengi kabla hata ya kusawazisha: fomula ya chumvi iwe sahihi. Nimesahihisha madaftari ya kutosha kuwaambia kwamba kosa kubwa haliko kwenye hesabu. Liko hapa. Mwanafunzi anaandika:

H₂SO₄ + NaOH → NaSO₄ + H₂O

Anatazama, anaona upande wa kushoto ana H tatu na upande wa kulia H mbili. Anahangaika. Mwishowe anageuza maji kuwa H₃O, anafurahi kwamba H zimelingana, anageuza ukurasa. Wadogo zangu, hakuna chumvi inayoitwa NaSO₄. Sodiamu ana chaji moja ya chanya, salfeti ana mbili za hasi. Mmoja hamtoshi mwenzake. Lazima sodiamu wawe wawili: Na₂SO₄. Fomula hiyo haitokani na kusawazisha. Inatokana na chaji, na inaandikwa kabla kalamu haijagusa namba yoyote ya mbele.

Chaji hizo ni chache, zinaingia kichwani ndani ya juma moja. Sodiamu, potasiamu na amoniamu (NH₄⁺) wana chanya moja. Kalsiamu, magnesiamu, shaba ya maji ya buluu na kobalti wana chanya mbili. Alumini ana tatu, na chuma cha rangi ya kutu naye ana tatu. Upande wa asidi: kloridi na nitreti wana hasi moja, salfeti na kaboneti mbili, fosfeti tatu. Mwenye hizi kichwani hawezi kuandika NaSO₄ hata akiwa na usingizi.

Fomula ikishakuwa sahihi, haiguswi. Namba ndogo ya chini inasema kitu chenyewe ni nini. Namba ya mbele inasema viko vingapi. Wageni wakiongezeka nyumbani, mama anaongeza sahani za bukari, habadilishi kilicho ndani ya sahani. Ukiigeuza H₂O kuwa H₂O₂ ili oksijeni zako zilingane, hujasawazisha chochote: umeondoa maji mezani ukaleta dawa ya kuoshea vidonda.

Turudi kwenye mlinganyo wetu. H₂SO₄ ina H mbili za kutoa. NaOH ina OH moja. Ili zilingane nahitaji soda mbili:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Maji ni mawili kwa sababu H mbili zimekutana na OH mbili. Idadi ya maji sihitaji kuitafuta. Ni idadi ileile ya H zilizotoka. Kisha nahakiki kwa kuhesabu kitu ambacho sikukigusa, yaani oksijeni: kushoto nne na mbili, sita, kulia nne na mbili, sita.

Anayependa mizani zaidi ahakiki kwa gramu. Moli ya asidi ya sulfuriki ni gramu 98, soda mbili ni gramu 80, jumla 178. Kulia salfeti ya sodiamu ni 142 na maji mawili ni 36, jumla 178. Sheria hii ya uzito kutopotea tunaifungamanisha na Mfaransa Antoine Lavoisier, ambaye aliiweka wazi kwenye kitabu chake cha mwaka 1789. Mtu huyohuyo aliamini kwamba kila asidi lazima iwe na oksijeni ndani yake. Mwaka 1810 Mwingereza Humphry Davy akaonyesha kwamba klorini ni elementi, na kwamba asidi ya hidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Kilichofanya asidi iwe asidi kilikuwa hidrojeni. Lavoisier hakuyaona hayo. Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yamemkata kichwa tangu 1794.

Sasa tuchukue mgumu kidogo, ule ambao watahini hupenda. Asidi ya fosforiki, H₃PO₄, na chokaa iliyotiwa maji, Ca(OH)₂. Asidi ina H tatu. Chokaa ina OH mbili. Tatu na mbili zinakutana wapi? Kwenye sita. Asidi mbili zitatoa H sita, chokaa tatu zitatoa OH sita, maji yatakuwa sita. Chumvi: kalsiamu chanya mbili, fosfeti hasi tatu, kwa hiyo kalsiamu watatu na fosfeti wawili:

2H₃PO₄ + 3Ca(OH)₂ → Ca₃(PO₄)₂ + 6H₂O

Oksijeni kushoto: nane na sita, kumi na nne. Kulia: nane na sita. Tumemaliza, na hatukufuta kitu. Angalieni pia kwamba sikuivunja PO₄. Imeingia ikiwa nzima, imetoka ikiwa nzima, kwa hiyo naihesabu kama mtu mmoja. Anayeanza kuhesabu fosforasi peke yake na oksijeni zake peke yake anajitafutia kazi.

Asidi ya sulfuriki na hidroksidi ya alumini ni mchezo uleule uliogeuzwa: mbili kwa tatu, sita.

3H₂SO₄ + 2Al(OH)₃ → Al₂(SO₄)₃ + 6H₂O

Chumvi hii ya alumini hutumika mahali pengi kusafishia maji ya bomba, kwa kuyavuta matope yakae chini. Mabano nayo yanataka jicho: hiyo 3 iliyo nje ya mabano inagusa salfa na oksijeni zote nne. Ukiyasahau mabano umeandika kitu kingine.

Mitego ipo. Siki, kwa mfano. Asidi yake ni CH₃COOH, na mwanafunzi mwepesi akiona H nne anakimbilia kuandika soda nne. Lakini H tatu kati ya hizo zimeshikwa na kaboni na haziendi popote. Ile ya mwisho tu, iliyo kando ya oksijeni, ndiyo inayotoka. Soda moja inatosha:

CH₃COOH + NaOH → CH₃COONa + H₂O

Ndiyo maana nilisema hesabuni H ambazo asidi iko tayari kutoa. Sikusema hesabuni H zote mnazoziona.

Mtego mwingine ni amonia, NH₃. Hapa mtu anaitafuta OH haioni, na kweli haimo. Amonia yenyewe inaikamata H⁺ na kuwa NH₄⁺. Kwa hiyo:

2NH₃ + H₂SO₄ → (NH₄)₂SO₄

Kulia hakuna maji. Mwanafunzi aliyekariri kwamba asidi na besi daima huzaa chumvi na maji atayabandika hapo kwa nguvu, na mlinganyo wake hautasawazika mpaka usiku wa manane. Mwaka 1923 Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipanua maelezo ya Arrhenius ili kesi kama hii ipate nafasi: besi ni yeyote anayepokea H⁺. Kwa mtihani wenu yatosha kukumbuka kwamba amonia hupokea moja.

Kaboneti hupokea mbili na kutoa maji na kaboni dioksidi, ndiyo yale mapovu. Oksidi kama CaO nayo hupokea mbili, ikatoa maji moja. Hapo mnaweza kurudi kwenye malakiti yetu. Ndani yake kuna kaboneti moja, inayopokea H mbili, na OH mbili, zinazopokea mbili nyingine. Jumla nne. Asidi ya sulfuriki ina mbili, kwa hiyo ziwe asidi mbili. Kaboneti inazaa maji moja, OH zinazaa mawili, jumla matatu. Tazameni tena mlinganyo niliouandika mwanzoni. Namba zake zote zimetoka hapo.

Wazazi wanaweza kuuliza: hesabu hizi zinaleta nini nyumbani? Haya, tutoke darasani twende kiwandani, tukaongee kwa tani.

Kiwanda kina tani moja ya asidi ya sulfuriki iliyobaki kwenye maji yake machafu. Mlinganyo unasema:

H₂SO₄ + Ca(OH)₂ → CaSO₄ + 2H₂O

Mbili kwa mbili, moja kwa moja. Gramu 98 za asidi zinataka gramu 74 za chokaa. Basi tani moja ya asidi inataka chokaa kilo 755 hivi, kama chokaa ni safi. Kama ulinunua chokaa ambayo haijatiwa maji, CaO, moli yake ni gramu 56, na kilo 571 zinatosha. Ukitumia mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, CaCO₃, ambayo ni rahisi kuliko zote kwa bei, moli ni gramu 100, na utahitaji kilo 1,020. Hapo ndipo mhasibu na mkemia wanapoketi meza moja.

Ona pia kinachobaki. Jasi, ile inayotengenezewa plasta na chaki, ni salfeti ya kalsiamu iliyoshika maji mawili, CaSO₄·2H₂O. Na maji mawili ndiyo hasa yaliyozaliwa kwenye mlinganyo wetu! Kila kilichoingia kimekaa ndani ya jasi: 98 na 74 ni 172, na moli ya jasi ni 172. Tani moja ya asidi uliyoizima inakuachia tani moja na robo tatu ya jasi, ambayo lazima uwe na bwawa la kuiweka. Mlinganyo unakudai kiwanja.

Sasa mchukulie yule kijana wetu wa NaSO₄, ameajiriwa, na kiwanda chake kinatumia soda kostiki. Yeye anaamini asidi moja inataka soda moja. Kwa tani moja ya asidi ataagiza kilo 408. Ilitakiwa 816. Atamwaga soda yake, ataona joto limepanda, atadhani kazi imekwisha. Nusu ya H bado zimo ndani ya maji yale.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu vijana wakishaujua mlinganyo huwa wanauamini kupita kiasi. Kuna mambo ambayo mlinganyo haukuambii. Mawe ya chokaa yakitupwa kwenye asidi ya sulfuriki huanza kutoa mapovu kwa hasira, kisha yanapoa. Asidi bado ipo na jiwe bado lipo, lakini jiwe limevaa ganda la jasi na asidi haifiki tena ndani. Kwenye karatasi kila kitu kililingana. Ndiyo sababu jiwe husagwa liwe unga na kukorogwa bila kuachwa litulie. Chokaa inayouzwa nayo si safi: ina mchanga, ina sehemu isiyoungua vizuri tanurini, na mfuko uliofunguliwa muda mrefu umekwisha kula kaboni dioksidi ya hewani na kurudi kuwa kaboneti.

Halafu maji ya mgodi hayana asidi peke yake. Yana chuma, yana shaba, yana kobalti, na kila kimoja kinadai sehemu yake ya chokaa:

Fe₂(SO₄)₃ + 3Ca(OH)₂ → 2Fe(OH)₃ + 3CaSO₄

Ukipima pH (kipimo cha ukali: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni besi) unapomwaga chokaa polepole utaona chuma kikianza kukaa chini pH inapokaribia 3, tope la rangi ya kutu. Shaba inafuata juu zaidi. Kobalti inangoja mpaka maji yaanze kuwa ya upande wa besi. Viwanda vyetu vinatumia zamu hiyo kuvitenganisha, na kobalti inayosafirishwa kutoka huku kwa magunia ikiwa tope la hidroksidi mara nyingi imekamatwa kwa magnesia:

CoSO₄ + MgO + H₂O → Co(OH)₂ + MgSO₄

Niliahidi tutaisalimia, ndiyo hiyo. Kipimo cha pH chenyewe, tukiwa bado hapo, alikileta Søren Sørensen mwaka 1909 akiwa Copenhagen, kwenye maabara ya watengeneza bia wa Carlsberg. Wanywaji wa bia ya Simba mnaruhusiwa kutabasamu.

Kazi ya kuzima asidi ikishindikana, majirani hujua. Mwezi wa pili mwaka 2025, upande wa pili wa mpaka wetu, eneo la Chambishi kule Zambia, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba ulibomoka na maji yenye asidi yakaingia kwenye mito inayomwagika Kafue. Samaki walikufa. Serikali ikaanza kumwaga chokaa mtoni kwa boti na kwa ndege. Fikirini mlinganyo wetu wa moja kwa moja ukifanyika juu ya mto unaotembea, bila mtu kujua vizuri kuna asidi kiasi gani wala chuma kiasi gani. Ukimwaga kidogo, samaki walio mbele, mto unakoelekea, wanakufa. Ukimwaga kupita kiasi, chokaa nayo ni kali, inaunguza mashavu ya samaki kama inavyounguza macho ya mjenzi. Na jambo la joto nilisema kwa furaha, sasa nalisema kwa ukali: zile kilojuli 57 kwa kila moli zikizaliwa zote mara moja kwenye asidi nzito, maji yanachemka na kurukia usoni. Asidi humwagwa ndani ya maji, taratibu, huku ikikorogwa. Kinyume chake usifanye, hata rafiki akikucheka.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo ambalo watahini wanawindia wanafunzi hodari. Nilisema kijana wetu amekosea kuweka soda moja kwa asidi moja. Amekosea fomula ya chumvi, hilo halina mjadala. Lakini asidi moja na soda moja vikikutana kweli ndani ya chupa, kitu fulani kinatokea, na kina mlinganyo wake:

H₂SO₄ + NaOH → NaHSO₄ + H₂O

Hesabuni. H tatu kushoto, H tatu kulia. Oksijeni tano kushoto, tano kulia. Umesawazika kabisa. Ni mlinganyo sahihi wa kazi iliyofika nusu: H moja imetoka, ya pili imebaki ndani ya chumvi, na chumvi hiyo ukiiyeyusha bado ni asidi ya kutosha kuuma. Kwa hiyo kulingana kwa namba peke yake hakujasema kwamba asidi imekwisha. Swali likisema zimane kikamilifu, soda ni mbili. Likikutajia chumvi yenyewe, ifuate chumvi. Asidi ya fosforiki na soda zina milinganyo mitatu iliyo sawa yote, ya NaH₂PO₄, ya Na₂HPO₄ na ya Na₃PO₄, na soda zake ni moja, mbili, tatu, na maji yake ni moja, mawili, matatu.

Bwana Prefe ananionyesha saa. Chaki iko hapa. Nataka mmoja wenu aje aandike mlinganyo wa mbolea moja inayouzwa kwa wakulima wa mahindi: amonia na asidi ya fosforiki, na chumvi inayotakiwa ni (NH₄)₂HPO₄. Wengine hesabuni hidrojeni mkiwa mmekaa, na kabla hajaandika maji, mwulizeni yametoka wapi. Nani anakuja?